Soksi Iliyochanika Ndani ya Daraja

Kama kuna mwanamke aliyejua kununa, basi ni Mama Presha. Akinuna, hata sufuria zinajua. Na kama kuna mwanamume aliyejua kumjibu mke aliyenuna bila kufungua mdomo, ni mumewe, Popo. Hasira za Popo zilipitia mikononi. Atafunga mlango kwa kishindo, ataweka kikombe mezani kama anayepigilia msumari, atakung'uta viatu ukutani mpaka jirani aulize kuna nini. Waliishi hivyo miaka mingi, wakinuniana asubuhi na kucheka jioni, na hakuna aliyewahi kuumia. Shida ni kwamba wawili hawa hawakuwa na duka la vitambaa. Walifanya kazi kwenye madaraja ya mawe yaliyochoka, mke juu, mume chini, na uhai wa aliye chini ulikuwa mikononi mwa aliye juu.

Jina la Mama Presha alilipata kwa sababu ya geji ya pampu yake. Ukimsalimia anakujibu vizuri, lakini jicho haliondoki kwenye ule mshale unaoonyesha presha. Wageni wakisikia jina hilo walidhani anaumwa, wakampa pole, naye aliipokea tu kwa sababu kueleza kungemchelewesha. Alianzia kwenye kuchekecha mchanga, msichana mwembamba mwenye kitambaa puani. Aliishika pampu siku mwendeshaji alipougua na kila fundi akaanza kuangalia pembeni kama mwanafunzi ambaye hajafanya zoezi. Tangu siku hiyo hakuna aliyemnyang'anya. Mumewe alikuwa mwashi, na waliomwita Popo hawakukosea, maana mchana kutwa aliishi chini ya upinde wa daraja, juu ya jukwaa la mabomba ya chuma, uso umeelekea mawe.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Daraja la mawe la zamani halina chuma hata kidogo. Mawe yamepangwa upinde, yanasukumana, na huko kusukumana ndiko kunakoyashikilia. Waliolijenga walifikiria mikokoteni. Sasa yanapita malori yaliyojaa kokoto, na upinde unaanza kupasuka mistari. Badala ya kulibomoa, wanalitia chuma likiwa limesimama. Mtoboaji anasimama barabarani na mashine yake, anatoboa tundu refu la mshazari linaloshuka ndani ya unene wa upinde. Humo inaingizwa nondo isiyoshika kutu, iliyovishwa mfuko mrefu wa kitambaa ambao mafundi wote wanauita soksi. Kisha Mama Presha anasukuma saruji nyepesi, wenyewe wanaiita uji, ndani ya ile soksi. Soksi inavimba, inajibana kwenye mawe, uji unaganda, na daraja linapata mifupa ambayo halikuzaliwa nayo.

Soksi ndiyo siri ya kazi yote. Inauzuia uji usitangetange. Ikichanika, uji unajiendea unakotaka, unajaza kifusi kilicho nyuma ya kuta za ubavuni na kuanza kuzisukuma nje. Kwa hiyo kabla ya kila nondo kuingia, Mama Presha na mumewe walikuwa na utaratibu wao. Yeye anashika ncha moja ya soksi, Popo anashika nyingine, kila mmoja anapitisha vidole akitafuta mchaniko, na wanakutana katikati. Mafundi walizoea kupiga vigelegele vya kejeli wakikutana.

"Haya, ndoa imefungwa tena!" mtoboaji angesema. "Bwana harusi, mbona hujanyoa?"

Na wao wangecheka, maana waliupenda utaratibu huo kuliko walivyokubali.

Utaratibu wa pili ulikuwa wa nyundo. Redio za mkononi zilikwaruza tu chini ya upinde, na injini ya pampu haikumsikiliza mtu. Kwa hiyo Popo, aliyekaa chini akitazama viungo vya mawe kama vinavuja, aligonga bomba la jukwaa ambalo kichwa chake kilichomoza barabarani, karibu na pampu. Kugonga mara moja ni endelea. Mara mbili ni simama, na simama maana yake simama sasa hivi, si ukimaliza unachofanya.

Asubuhi ya siku ninayoisimulia, kabla ya kwenda kazini, walikuwa katika chumba chao cha kupanga, kitanda huku, jiko la gesi kule, na simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari ili waongee na binti yao kabla hajaenda shule. Binti aliishi na bibi yake, mama wa Mama Presha, tangu alipoanza kutembea, kwa kuwa kazi ya madaraja haina makazi. Ukimaliza hili unahamia lile. Mtoto aliipokea simu, akaitazama, kisha akageuka na kumwita bibi yake aliyekuwa chumba cha pili.

"Mama! Mama njoo, ni mama wa simu!"

Popo alicheka. Hakuwa na nia mbaya, alicheka kama mtu anavyocheka kituko cha mtoto. Mama Presha hakucheka. Aliongea na mwanawe mambo ya kalamu na sare, akamtakia siku njema, akakata. Kisha akakaa kitandani akahisi kama mtu aliyepigwa kofi mbele za watu.

"Hili ndilo daraja la mwisho," alisema. "Tulikubaliana. Likiisha hili, tunarudi nyumbani."

Popo alikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

"Nilishamwambia Injinia tutakwenda naye kwenye lile lingine."

"Lini?"

"Wiki iliyopita."

"Na mimi ulipanga kuniambia lini?"

"Ningekuambia tu."

"Mtoto anamwita bibi yake mama, wewe unacheka."

"Sasa ulitaka nilie? Huyu ni mtoto. Atakua, ataelewa."

"Hiyo ndiyo shida yenyewe," alisema Mama Presha. "Anakua."

Baada ya hapo hakusema tena. Popo aliosha kikombe chake na kukibamiza kwenye sahani, akafunga mlango mpaka vumbi likadondoka darini. Walikwenda kazini njia moja, yeye mbele, mkewe nyuma, kama watu wasiojuana.

Injinia alikuwa ameshafika. Alikuwa mwanamke kijana, mpole wa sauti na mkali wa kazi, na aliwaona walivyopita bila kutazamana. Hakusema kitu. Mtoboaji ndiye aliyethubutu.

"Leo hali ya hewa nyumbani ni ya mawingu, au siyo?"

"Toboa mashimo yako," Mama Presha alimjibu.

Tundu la kwanza lilikwenda vizuri hadi katikati, ndipo Popo akagonga mara mbili. Mama Presha alizima pampu papo hapo, akakimbilia ukingoni, akainama. Mumewe alikuwa amekaa kwenye ubao wake, anamtazama. Hakuna kiungo kilichovuja. Hakuna jiwe lililosogea.

"Mwambie nyundo imeniponyoka," Popo alimwambia mtoboaji, ingawa mkewe alikuwa anasikia vizuri.

Tundu la pili, yale yale. Akazima, akakimbia, akainama. Safari hii Popo hakutoa hata kisingizio. Alimtazama tu, macho makavu, kama mtu anayesubiri aulizwe. Mama Presha alirudi kwenye pampu damu ikimchemka. Ananigongea vyombo mpaka huku, alijiambia. Nyumbani hazikutosha sahani.

Tundu la tatu lilikuwa la pembeni kabisa, karibu na ukuta wa ubavuni, refu kuliko yote. Nondo ililetwa na soksi yake. Mama Presha aliiona imelazwa kwenye vigogo, akadhani Popo ameshaikagua alipokuja juu kuchukua matambara ya kuziba vitundu vya kutolea maji. Popo naye aliiona, akadhani mkewe ameikagua, kwa sababu mambo ya soksi mkewe ndiye aliyekuwa mwepesi kuyasemea. Kila mmoja alingoja mwenzake aseme njoo tushike. Hakuna aliyesema. Mtoboaji na wenzake wakaishusha nondo tunduni, na mahali fulani ndani ya giza lile ncha ya jiwe ikanasa mchaniko mdogo ambao vidole vyao vingeugundua, ikaipasua soksi ubavu mzima. Popo alirudi chini. Pampu ikawashwa.

Mshale wa geji ulipanda kidogo, ukatulia. Mama Presha aliuona. Alijiambia ni urefu wa tundu, soksi ndefu hula uji mwingi kabla ya kukaza. Lakini sauti iliyojaa kichwani mwake haikuwa ya geji, ilikuwa ya mtoto anayesema mama wa simu. Mfuko mmoja wa saruji ukaisha, ukamwagwa mwingine. Mshale haukusogea.

Hapo bomba likalia. Mara mbili, wazi kabisa.

Mkono wake ulikwenda kwenye swichi, ukasimama njiani. La, alijiambia. Safari hii sikimbii. Agonge mpaka achoke.

Likalia tena, mara mbili, na mara mbili nyingine. Mtoboaji aligeuka kumtazama. Mama Presha alikaza uso, akatazama geji yake isiyosema kitu. Kisha mapigo yakakosa mpangilio, yakawa ya haraka, yakafuatana kama mvua ya mawe kwenye bati. Na halafu yakanyamaza.

Ukimya ule ndio uliomwamsha. Popo hakujua kunyamaza katikati ya hasira. Angekuwa na hasira kweli, angegonga hadi jioni. Mama Presha alizima pampu, na kabla injini haijamaliza kukohoa alikuwa ukingoni, ameinama, roho mkononi.

Ukuta wa ubavuni ulikuwa umevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Jiwe moja lilishatoka, likaangukia ngazi ya jukwaa na kuivunja, na ngazi ilikuwa mtoni. Uji wa kijivu ulichuruzika kwenye nafasi za mawe. Chini ya uvimbe ule, Popo alikuwa amening'inia kwa mkono mmoja, mkono wa pili unavuta tambara lililoziba kitundu cha maji. Nyundo hakuwa nayo tena.

"Wote ondokeni darajani!" Injinia alipaza sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. "Mtoboaji, fungua maungio ya bomba la pampu, toa presha! Popo, vuta matambara, anza la chini!"

Maana yake kila fundi aliielewa. Vitundu vya kutolea maji vilikuwa vimezibwa asubuhi ili uji usichafue mto. Sasa uji uliokuwa nyuma ya ukuta haukuwa na pa kutokea, na ulikuwa unatafuta. Vikizibuliwa kabla ukuta haujaachia, presha itashuka. Visipozibuliwa, ukuta utaanguka wote, na Popo yuko chini yake bila ngazi.

Watu walikimbia nje ya daraja. Mama Presha alikimbia kwenda chini. Alishuka kwenye mteremko wa mto akiteleza kwa makalio, akapanda jukwaa kwa upande wa pili ambako mabomba yalikuwa bado yameshikana, akatambaa juu ya ubao unaocheza. Alisikia Injinia akimwita arudi. Alikuwa anaogopa, na hakuona aibu ya kuogopa. Alikuwa amemwua mumewe, au alikuwa anakaribia kumwua, na jambo hilo moja ndilo lililokuwa kichwani.

"Shika mkanda wangu," Popo alisema. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno ya kwanza kati yao tangu chai.

Alimshika mkanda kwa mikono miwili, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote. Popo akapata mikono yote miwili. Tambara la kwanza lilitoka, uji ukaruka na kumpiga kifuani. La pili lilikuwa limekaza, akalivuta kwa meno na laana. Juu yao jiwe lilisugua jiwe, sauti ya chini, ya tumbo, ambayo mwashi yeyote akiisikia anajua ni ya nini. Mama Presha alifumba macho akangoja. Tambara la tatu likatoka. Uji ulimwagika kama ndoo iliyopinduliwa, ukawafunika vichwa, ukaingia masikioni, ukaporomokea mtoni. Waliendelea kuvuta, yeye ameshika, mume anavuta, bila kuona mbele.

Sauti ya kusuguana ilipungua. Halafu ikakoma. Ukuta ulibaki umevimba, mbaya kuutazama, lakini ulibaki.

Waliteremshwa kwa kamba kwa upande wa pili. Mtoboaji, ambaye siku nyingine angekuwa na mzaha tayari, aliwamwagia maji machoni tu, maana saruji ikikaa machoni haina utani. Injinia aliamuru nguzo za kuegemeza ukuta ziwekwe, akasimama hapo mpaka ya mwisho ikakazwa. Kisha akawaita wawili hao ofisini, kontena lenye meza moja na viti vya plastiki, akafunga mlango.

"Popo, uligonga?"

"Niligonga." Popo alitazama sakafu. "Lakini nyundo ilikuwa na uji, iliteleza, haikulia sawasawa. Na ile injini, Injinia, wewe mwenyewe unaijua kelele yake. Asingeweza kusikia."

Alimtetea mkewe kwa moyo wote. Mama Presha aliona kwamba hakuwa anadanganya tu. Alikuwa ameamini. Alining'inia kule akaamini kwamba mkewe hasikii, na imani hiyo ndiyo aliyoshuka nayo. Ingekuwa rahisi kumwachia. Angeitikia kwa kichwa, na yangeisha hapo.

"Nilisikia," alisema.

Popo aligeuka.

"Nilisikia yote. Tangu la kwanza."

"Ulisikia?" Sauti ya Popo ilikuwa ndogo, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini.

"Nilidhani unanigongea vyombo. Nikasema moyoni, agonge mpaka achoke." Alitaka kulia lakini akajizuia, maana hakutaka ionekane anaomba huruma. "Nilikataa kuzima makusudi, mume wangu. Hiyo ndiyo kweli."

Popo alimgeukia Injinia. Uji ulikuwa umekauka kwenye nyusi zake, na alipokunja uso ulipasuka mistari midogo.

"Injinia, sikia na haya," alisema. "Mara zile mbili za asubuhi hapakuwa na kitu. Hakuna kilichovuja. Nilitaka tu asimame, aje aniangalie. Mimi ndiye niliyemfundisha kutoniamini."

"Na soksi? Nani aliikagua?"

Kila mmoja alimtazama mwenzake. Injinia alipitisha kiganja usoni.

"Na mimi niliwaona asubuhi mnavyopita," alisema. "Nikajiambia ni mambo ya nyumbani, hayanihusu. Hilo nitalibeba mimi. Lakini kuanzia leo ninyi wawili hamtafanya kazi kwenye tundu moja, na sina kazi nyingine ya kuwagawia. Mmoja atabaki, mmoja atakwenda. Kaamueni nje, halafu mniambie."

Walitoka wakasimama karibu na pipa la maji. Jua lilikuwa bado kali. Daraja lilikuwa limefungwa, na upande wa pili watu waliokosa kupita walikuwa wanawalaumu mafundi kwa sauti, kama kawaida.

"Ningekuua," alisema Mama Presha.

"Ungeniua," Popo alikubali. Hakulainisha. "Nikiwa pale nilijua jambo moja tu, kwamba juu yupo mke wangu, atazima. Sasa sijui nitalala vipi nikijua ulichokuwa unawaza."

"Sijui na mimi."

"Lakini niliona wote wanakimbia," alisema. "Na niliona nani anakuja."

Hapo ndipo Mama Presha alipolia, wazi, kamasi na uji na vyote. Popo hakumkumbatia. Alimpa ncha kavu ya shati lake, akangoja.

"Nitakwenda mimi," alisema alipoona ametulia. "Wewe baki umalizie. Pampu ile hakuna mwingine wa kuishika, na huu ukuta unahitaji mtu anayeijua kazi."

"Uende wapi?"

"Nyumbani. Kwa mtoto."

"Wewe? Umewahi kukaa naye hata wiki nzima?"

"Sijawahi." Alisugua mikono, uji ukadondoka vipande vipande. "Ndiyo maana nakwenda. Ukimaliza hapa utatukuta wote wawili."

Mama Presha alimtazama kuona kama ni maneno tu ya mtu aliyeponea chupuchupu. Hayakuwa. Popo alikuwa ameshaanza kuhesabu mambo kwa vidole, sare, viatu, njia ya shule, kama anavyohesabu vifaa kabla ya kushuka jukwaani, na alionekana ana woga zaidi kuliko alivyokuwa chini ya ukuta.

"Asubuhi anapenda kula nini?" aliuliza. "Kabla ya shule. Nisije nikaharibu siku ya kwanza tu."

Mama Presha alifungua mdomo amjibu upesi, kwa ile haraka ya mama anayejua. Alikumbuka mtoto alivyokuwa akinyonya, na jinsi alivyokataa uji wa kwanza kwa kuupuliza. Alitafuta kitu cha baada ya hapo, cha mwaka jana, cha mwezi uliopita, chochote. Mumewe alikuwa anamngoja, vidole vimeinuliwa, tayari kukiongeza kwenye hesabu yake.

"Sijui," alisema. "Muulize mwenyewe."